BARAZA LA MWALIMU: Krismasi Imetoka Wapi?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumelazimika kuliweka kando somo la sarufi tuliloahidi, kwa sababu ya swali la mjukuu wetu mwenye umri wa miaka saba. Alirejea kutoka skuli, akavua mabuti yake ya theluji mlangoni, akatuuliza: "Babu, yule mzee wa ndevu nyeupe huwaletea zawadi watoto wema tu. Hapa kwetu haji. Mimi nina kosa gani?"

Tukiri kwamba jawabu letu la kwanza halikuwa jema. Tulimwambia, "Hayo si yetu," tukaendelea kunywa chai. Neno hilo ni la kweli, lakini halikumjibu mtoto. Yeye hakuuliza mambo hayo ni ya nani. Aliuliza kama yeye ni mtoto mbaya. Wazazi kadhaa wametueleza kwamba nao wameulizwa mfano wa hayo, na nao wamejibu kama sisi. Hivyo basi tumeona vyema tuandike kidogo juu ya asili ya sikukuu hii, ili kila mzazi ajue anachokikataa na anachokiheshimu.

Tuanze na tarehe. Injili hazitaji siku wala mwezi aliozaliwa Nabii Issa, alayhi salaam. Nasi katika Sura ya Maryam tunasimuliwa juu ya uchungu uliompeleka mama yake kwenye shina la mtende, na tende mbivu zilizomwangukia; siku yenyewe haikutajwa. Tarehe 25 Desemba imo katika kalenda ya mji wa Roma iliyokusanywa mwaka 354, yenye habari zinazorejea hadi mwaka 336. Yaani karne tatu zilikuwa zimekwisha kupita. Wanazuoni wao wenyewe wanakhitilafiana juu ya sababu. Wako wasemao kwamba Warumi walikuwa na ibada ya Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu mwaka 274, na Kanisa likaichukua siku ile. Wengine husema ni hesabu tu: iliaminiwa kwamba mimba iliingia tarehe 25 Machi, wakahesabu miezi tisa. Waarmenia huadhimisha tarehe 6 Januari, na Wahabeshi wa Orthodox, ambao ni jirani zetu wengi katika miji hii miwili, tarehe 7. Msomaji asiwacheke kwa khitilafu hiyo. Sisi tunao ubishi wetu wa kila mwaka kuhusu Maulidi, na tusijifanye hatuujui.

Lililotushangaza zaidi katika kusoma kwetu ni kwamba hapa hapa Marekani walikuwako Wakristo walioipiga marufuku Krismasi. Mwaka 1659 walowezi wa Massachusetts, watu wa dini kali, walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeonekana akiiadhimisha, kwa hoja kwamba ni ushirikina unaomvunjia Mungu heshima. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, na Serikali Kuu haikuitangaza kuwa siku ya mapumziko hadi mwaka 1870. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kazini kwamba asiyesherehekea Krismasi hajawa Mmarekani kamili, anayo historia ya kumjibu kwa upole.

Ama yule mzee wa ndevu, asili yake ni Nikolao, askofu wa mji wa Myra katika karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Inasimuliwa kwamba alikuwako maskini mwenye binti watatu asiyeweza kuwaoza, kwani kwao mahari hutoka upande wa mke, kinyume cha kwetu. Nikolao akawatupia dhahabu dirishani usiku ili asijulikane. Waholanzi walimwita Sinterklaas, na huku Marekani jina likageuka Santa Claus. Shairi lililochapwa mwaka 1823 likampa kigari cha theluji na kulungu wanane wa kukivuta, na kuanzia mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast, katika gazeti la Harper's Weekly, akamtilia tumbo na furaha tunazoziona leo madukani. Sisi tunamheshimu yule wa dirishani, aliyetoa sadaka yake kwa siri. Huyu wa dukani ni mchuuzi.

Mti ulitoka kwa Wajerumani, nao hatuna mengi ya kuusemea. Taa ndizo zinazotaka maelezo. Hapa Minneapolis, siku iliyo fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza yapata saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu alasiri. Ninyi mnaofanya kazi viwandani hamhitaji kuambiwa, maana Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana mbio mbio kama watoto wa darasa la kwanza. Wazee wa watu wa Sweden na Norway, ambao wajukuu wao wamejaa jimbo hili, walikuwa na karamu ya katikati ya baridi iitwayo jul kabla Ukristo haujawafikia, na jina hilo wanalo mpaka leo. Tarehe 13 Desemba Waswidi humvika msichana taji la mishumaa kwa jina la Mtakatifu Lucia. Kuanzia mwaka 1992 hadi 2013 palikuwa na gwaride la taa katika barabara ya Nicollet. Tuliwapeleka watoto kulitazama, wakarudi na pua nyekundu kwa baridi, na hatukuona imani yao imepungua.

Wako watakaosema tunalegeza dini. Hao tunawakumbusha kisa cha nyumbani. Kanisa la Mkunazini, Unguja, liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Saa ya mnara wake ilitolewa zawadi na Sayyid Barghash. Alibaki Muislamu wa madhehebu ya Ibadhi mpaka alipofariki mwaka 1888, na hatujasikia mtu aliyemwita kafiri kwa sababu ya saa.

Mpaka upo, nao ni ibada. Mtoto kusikiliza historia si tatizo. Kumwimbisha kwamba Nabii Issa ni mwana wa Mungu ni jambo jingine. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba skuli za serikali zaweza kufundisha habari za dini, lakini haziwezi kuongoza ibada. Basi mzazi asione haya kumwandikia mwalimu barua ya adabu, na aiandike mwezi wa Novemba. Sisi tumekaa upande wa mwalimu miaka mingi. Barua ya mapema husomwa vizuri, na ile iletwayo asubuhi ya tamasha humkuta mwalimu amebeba viti.

Jioni ile tulimwita mjukuu wetu tena. Tulimwambia kwamba yeye ni mtoto mwema, kwamba zawadi za wenzake hununuliwa na wazazi wao, na tukamsimulia Nikolao na dirisha lake. Alifurahi mno. Kwa bahati mbaya tulisahau kumwambia asiyatangaze. Kesho yake aliwafunulia darasa zima, watoto watatu wakalia, na mwalimu wake akatupigia simu. Tuliomba radhi, kwani kila mtoto ana haki ya kuambiwa na wazazi wake mwenyewe.

Jirani yetu, bibi mwenye asili ya Norway, hutuletea kila Desemba sahani ya lefse, mkate wa viazi mwembamba mfano wa chapati. Mwaka wa kwanza tulimuuliza kama ndani mna mafuta ya nguruwe, akacheka, akasema hutumia siagi tu. Sahani yake haijapata kurudi tupu. Wiki hii mjukuu wetu ndiye aliyeivusha barabara na visheti juu yake, akaanguka mara moja kwenye theluji, akaviokota.