Mikaratusi itoke bondeni

Mkulima wa Mufindi au Njombe anayepanda mikaratusi, au milingoti kama wengi huko wanavyoiita, anajua anachofanya. Nguzo za umeme, mirunda, mbao na kuni vimesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Hatumlaumu kwa kutafuta riziki. Tunachokataa ni kupanda miti hiyo kwenye chemchemi na ndani ya vinyungu, yale mabonde yenye unyevu yanayoilisha familia mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi.

Mkaratusi hukua upesi kwa sababu hunywa sana. Nyasi za asili za nyanda za juu hunyauka kiangazi, na maji yaliyo ardhini yakashuka mtoni. Mkaratusi hubaki na majani mabichi mwaka mzima, na mizizi yake huyafuata maji kina kirefu. Ukiupanda penye chemchemi, umeuweka mdomoni mwa kisima.

Afrika Kusini walipima. Huko Mokobulaan, Mpumalanga, bonde la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, lakini ilipita miaka mitano zaidi ndipo maji yakarudi kutiririka mwaka mzima. Bonde jirani lililopandwa misindano nalo lilikauka, mwaka wa 12. Leo Sheria ya Maji ya nchi hiyo, ya mwaka 1998, inahesabu misitu ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito, nayo inahitaji kibali.

Haki itendeke: si kila mti mgeni hukausha mto. Kimakia, Kenya, misindano ilipochukua nafasi ya msitu wa mianzi, ilipokomaa ilitumia maji karibu sawa na mianzi yenyewe. Hivyo asili ya mti peke yake haitoshi kuuhukumu. Tuulize pia unapandwa wapi, na umeondoa nini.

Maji ya Mufindi hayaishii Mufindi. Ruaha Mdogo hupita Iringa mjini, ukaingia Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera, ambako maji hayo huzalisha umeme. Nguzo tunazovuna na umeme unaopita juu yake vinategemea mabonde yaleyale.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Halmashauri za vijiji zipime mita hizo na kuweka alama, na mikaratusi isiachwe nje ya hesabu. Mwenye miti tayari apewe muda wa kuvuna, kisha visiki ving'olewe, maana mkaratusi uliokatwa huchipua tena. Mahali pake paoteshwe mikuyu na mivengi, miti ambayo wazee wetu waliilinda kwenye vyanzo vya maji. Na bustani za miche zinazogawa mikaratusi kwa maelfu zigawe mikuyu na mivengi pia.

Mikaratusi ina nafasi yake: mlimani, mbali na maji. Mvua zijazo za kupandia zikute mipaka imeshawekwa. Kijito kikishakauka, kukata miti hakukirudishi mwaka huohuo.