Weupe wa nguruwe si cheti cha mbegu bora

UFUGAJI wa nguruwe nchini Tanzania, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa shughuli ya vijiji vya Mbeya, Iringa, Ruvuma, Kilimanjaro na Manyara, umesogea hadi pembezoni mwa miji mikubwa. Watumishi wa serikali, walimu, wastaafu na vijana waliokosa ajira wamejenga mabanda nyuma ya nyumba zao, wakivutiwa na soko la nyama hiyo ambayo wakazi wa mijini wameizoea kwa jina la kitimoto.

Wengi wao huanza kwa swali moja: ni mbegu ipi iliyo bora? Na wengi hupewa jibu moja: nunua nguruwe mweupe wa kisasa. Kwa jibu hilo akiba ya miaka, mkopo wa chama cha kuweka na kukopa au sehemu ya kiinua mgongo hugeuzwa kuwa majike matatu na dume mmoja. Baada ya mwaka mmoja, baadhi ya mabanda hayo hubaki matupu, na mwenye banda hubaki akiamini kwamba aliuziwa mbegu mbaya.

Huenda ni kweli aliuziwa mbegu mbaya. Lakini kosa kubwa zaidi aghalabu huwa limetangulia, nalo ni kuchagua aina ya nguruwe kabla ya kuamua nguruwe huyo atakula nini, ataishi wapi, na kama atauzwa kwa mizani ya bucha au kwa mfugaji mwingine kama mzazi.

Aina tatu ndizo zinazotajwa zaidi katika mazungumzo ya wafugaji. Large White, mwenye asili ya Yorkshire nchini Uingereza, hutambulika kwa masikio yaliyosimama. Jike wake huzaa watoto wengi na hulea vizuri. Landrace, ambaye chimbuko lake ni Denmark, ana mwili mrefu na masikio yaliyolala mbele hadi kukaribia kufunika macho. Naye husifika kwa uzazi na maziwa, ila miguu yake huhitaji sakafu nzuri na lishe isiyoyumba. Duroc, nguruwe mwekundu aliyeendelezwa Marekani, hukua haraka, ni mkakamavu, na nyama yake ina mafuta kidogo yaliyosambaa ndani ya msuli, jambo linaloipa ladha. Hata hivyo, jike wa Duroc kwa kawaida hazai wala halei kama wale wawili wa kwanza.

Kando yao yupo nguruwe wa kienyeji, mdogo na aghalabu mweusi, ambaye wengi humdharau. Huyu hukua polepole na huzaa watoto wachache, lakini huvumilia njaa, jua na chakula hafifu kwa kiasi ambacho wageni hao watatu hawawezi. Katika nyumba isiyo na uwezo wa kununua chakula kila wiki, uvumilivu huo nao ni sifa ya uzalishaji.

Ni hapa ambapo rangi huwapoteza wanunuzi. Weupe wa Large White na Landrace ni sifa inayotawala katika urithi. Dume mweupe halisi akimpanda jike mweusi wa kienyeji, watoto wao kwa kawaida hutoka weupe. Akimpanda Duroc mwekundu, matokeo huwa hayo hayo. Kwa maana hiyo, mtoto mweupe anayeuzwa kando ya barabara kwa bei ya mbegu halisi anaweza kuwa nusu ya kienyeji bila ngozi yake kutoa ushahidi wowote. Rangi humwambia mnunuzi kwamba katika ukoo huo aliwahi kupita mzazi mweupe. Haimwambii zaidi ya hapo.

Kuwa chotara si kasoro. Mashamba makubwa ya nguruwe duniani hutegemea chotara kwa makusudi. Utaratibu uliozoeleka ni kumpandisha jike wa Large White kwa dume wa Landrace, au kinyume chake, ili kupata jike chotara mwenye uzazi na malezi bora kuliko wastani wa wazazi wake. Jike huyo hupandishwa kwa dume wa Duroc, na watoto wanaozaliwa hukua haraka na kwenda machinjioni wote, madume kwa majike.

Neno la kuzingatia hapo ni "wote". Nguvu ya uchotara haibaki jinsi ilivyo vizazi vyote. Kila chotara wanapozaana wenyewe kwa wenyewe, sehemu yake hupotea na watoto hutofautiana kwa ukubwa na kwa tabia. Mtoto aliyezalishwa kwa ajili ya nyama akihifadhiwa awe mzazi, mfugaji huwa amekula mbegu aliyopaswa kuipanda, na amepanda nafaka aliyopaswa kuila.

Jina la Camborough, lililoenea miongoni mwa wafugaji wa Uganda na Kenya, ni mfano mzuri wa mkanganyiko huo. Wapo wanaolitaja kana kwamba ni aina ya nguruwe kama Duroc, ilhali ni jina la kibiashara la jike chotara wa kampuni ya PIC, iliyoanzia Uingereza. Anayenunua jike na dume wa jina hilo kwa matumaini ya kuzalisha Camborough wengine nyumbani kwake hupata watoto, lakini hapati tena kile alicholipia.

Kwa hiyo kufuga kwa ajili ya nyama na kufuga kwa ajili ya kuuza wazazi ni biashara mbili tofauti, ingawa zote huonekana banda moja. Mfugaji wa nyama anahitaji watoto wanaokua upesi, na si lazima amiliki jike hata mmoja. Anaweza kununua walioachishwa kunyonya, akawanenepesha na kuwauza. Anayetaka kuuza wazazi anahitaji koo halisi zisizopungua mbili, kumbukumbu za kila uzao, na moyo wa kupeleka buchani mtoto yeyote asiyestahili kuitwa mbegu. Huyu wa pili hauzi kilo. Anauza uaminifu, na uaminifu hujengwa kwa miaka.

Hesabu ya chakula inaeleza ni kwa nini mfugaji mdogo hawezi kuupuuza uzazi. Jike mmoja aliyekomaa hula takriban tani moja ya chakula kwa mwaka, awe amezaa au hakuzaa. Akizaa mara mbili na kuachisha watoto wanane kila mara, tani hiyo hugawanywa kwa watoto 16, na kila mmoja hubeba mzigo wa kilo 62 hivi kabla hajaanza kula chakula chake. Akiachisha watoto saba tu kwa mwaka mzima, kila mmoja hubeba zaidi ya kilo 140. Nguruwe hao wawili wanaweza kufanana kwa rangi na kwa bei ya kununulia, lakini mmoja anamlisha mwenye banda na mwingine anamfilisi.

Baada ya hapo huja chakula cha kukuzia. Nguruwe wa kisasa anayelishwa mlo kamili huhitaji takriban kilo tatu hadi nne za chakula ili kuongeza kilo moja ya uzito. Kumtoa kwenye kilo 15 hadi kilo 90 kwa kiwango cha kilo tatu na nusu ni zaidi ya kilo 260. Kwa mlo huo anaweza kufika sokoni akiwa na miezi sita au saba. Kwa pumba za mahindi peke yake, bila mashudu, soya au dagaa wa kumpa protini, miezi hupita na mizani haisogei, na kila siku ya ziada ni chakula kingine kilichokwisha.

Ndiyo maana mbegu bora iliyolishwa vibaya huweza kumletea mwenyewe hasara kubwa kuliko nguruwe wa kienyeji. Aliyenunua Landrace amejifunga kununua mashudu, kujenga sakafu kavu na kuleta maji kila siku. Asiyeweza kuitimiza ahadi hiyo hana budi kuchagua chotara wa kienyeji na wa kisasa, ambaye hukua kwa wastani lakini hasambaratiki bei ya pumba inapopanda.

Hali ya hewa nayo ina sauti katika uamuzi huo. Nguruwe hana uwezo wa kutosha wa kutoa jasho, hivyo joto humpunguzia hamu ya kula, na dume aliyepatwa na joto kali huweza kukaa wiki kadhaa akiwa na mbegu dhaifu. Aina inayostawi kwenye baridi ya Njombe au Uyole haitakuwa na mwaka mwepesi katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Morogoro bila paa la juu, kivuli na maji. Ngozi nyeupe huungua kwa jua. Mweupe wa pwani hafugwi nje.

Swali lililo gumu kuliko yote, hata hivyo, ni la dume. Dume mmoja anatosha kuhudumia majike 15 hadi 20. Mwenye majike matatu akimfuga dume wake, humlisha mwaka mzima kwa kazi ya siku chache. Akishindwa, hufanya moja kati ya mambo mawili: humwacha dume kijana apande mama yake na dada zake, au huazima dume wa jirani.

Jambo la kwanza huzaa udhaifu. Ndugu wanapozaana, idadi ya watoto hushuka, wengine huzaliwa wakiwa na vilema, na ukuaji hudorora. Haya hayaonekani katika uzao wa kwanza. Hujitokeza taratibu, na mfugaji hulaumu chakula au mkosi. Jambo la pili hupeleka ugonjwa nyumba kwa nyumba.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na milipuko iliyotokea Kenya. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri wa porini na papasi bila kuwadhuru, lakini vikiingia katika banda huweza kuua karibu nguruwe wote. Hauna tiba, na wafugaji wa Afrika Mashariki hawana chanjo ya kutegemea. Large White, Landrace na Duroc wote huanguka mbele yake.

Mlipuko ulioanza Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, mwaka 2010, ulionyesha jinsi njia za biashara zinavyoweza kuwa njia za maradhi. Hadi kufikia mwaka 2012 ugonjwa ulikuwa umeshatokea hadi Dar es Salaam. Haukuletwa na ngiri aliyetembea kilometa zote hizo. Nguruwe hai, nyama na mabaki yake husafiri kwa magari, na virusi husafiri navyo. Anayenunua mbegu mbali na kwao, au anayelisha mabaki ya hotelini bila kuyachemsha, amefungua mlango huo huo.

Uhimilishaji ungeweza kutatua mengi ya matatizo haya, kwa kuwa mfugaji mdogo angepata mbegu za dume bora bila kumlisha wala kumkaribisha nyumbani. Lakini mbegu za nguruwe hazihifadhiki kwa urahisi kama za ng'ombe. Kwa kawaida hutunzwa zikiwa mbichi katika joto la nyuzi 17 hivi, na hudumu siku chache tu. Huduma hiyo inahitaji kituo kilicho karibu, usafiri wa hakika, na mfugaji anayejua kutambua jike aliyeingia kwenye joto, hali inayorudi kila baada ya siku 21 na kudumu siku mbili au tatu.

Hapo ndipo wajibu wa mamlaka unapoanza. Kwa muda mrefu sera ya mifugo imemtazama ng'ombe kwanza, na nguruwe ameachiwa soko lijiendeshe lenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtu yeyote mwenye nguruwe mweupe huweza kujitangaza kuwa mzalishaji wa mbegu. Halmashauri zikiwatambua wazalishaji wachache, zikakagua kumbukumbu zao na afya ya mabanda yao, na kuwaunganisha na wafugaji wa kata zao, zitakuwa zimefanya jambo la maana kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Kabla ya siku hiyo kufika, mnunuzi ana silaha moja, nayo ni maswali. Mama wa mtoto huyu yuko wapi, na aliachisha watoto wangapi katika uzao wake uliopita? Baba yake ni nani, na je, ana undugu na mama? Jike anayeuzwa ana chuchu 12 au zaidi zilizo nzima na zilizopangika? Miguu yake imesimama sawasawa? Je, katika eneo hilo nguruwe wamekufa kwa wingi miezi ya karibuni? Muuzaji asiyeweza kumwonyesha mama wala daftari anauza nyama, hata kama analiita banda lake shamba la mbegu.

Mnunuzi naye akijibiwa yote hayo, bado atakabiliwa na swali ambalo muuzaji hawezi kumjibia: kesho asubuhi, na kila asubuhi kwa miezi saba ijayo, chakula kitatoka wapi? Kwa mfugaji mdogo, mbegu bora ni ile ambayo swali hilo lina jibu lake kabla haijashushwa kwenye gari.