Pesa Iliyokufa Ina Namba, Jina Letu Linakatwa

Angalia alama hii: ₳. Ni A yenye mistari miwili katikati, alama ya austral, pesa ya Argentina iliyoanza 1985. Bei zilipanda mpaka ikaisha nguvu, na Januari 1992 austral 10,000 zikawa peso 1. Sisi wa Kongo hatushangai: 1993 tuliona zaire 3,000,000 zikigeuka zaire mpya 1.

Sasa sikia. Mwaka 2005, miaka 13 baada ya austral kufa, alama yake ilipewa namba katika Unicode, ile orodha inayofanya herufi ulizoandika kwenye simu hapa kambini zisomeke kwenye kompyuta ya Geneva. Namba yake ni 20B3. Na sheria yao ni hii: herufi ikishapewa namba, haihamishwi wala haifutwi.

Sina ugomvi na austral. Hati za zamani lazima zisomeke. Ugomvi wangu ni na dirisha la usajili.

Jina la marehemu baba linaanza na Ng', kama ng'ombe. Kwenye kadi ya familia wakaandika Ng, bila ritifaa, kile kialama cha juu. Nilipouliza, nikajibiwa: "Mzee, kompyuta imekataa." Basi cheti cha shule cha mwanangu kina Ng', kadi ina Ng. Kila akiomba nafasi ya masomo anaulizwa: wewe ni nani kati ya hawa wawili?

Kompyuta haikukataa kitu. Ritifaa ina namba yake, 0027, na kompyuta zinaijua toka miaka ya 1960. Programu isipoipokea, ni kwa sababu kuna mtu aliyeitengeneza hivyo, na mtu anaweza kuirekebisha.

Wafanyakazi wa misaada, najua karani wa dirishani hakuitengeneza yeye. Lakini anaweza kuandika jina sahihi kwa kalamu kwenye faili, na ninyi mnaweza kupeleka malalamiko kwa wenye programu. Msituambie ni jambo dogo. Kwa kialama hicho mtoto anakosa shule.

Na sisi wakaaji, tuache kusema "si kitu, mradi posho inatoka." Posho ni ya mwezi, jina ni la wajukuu. Ukiona limekatwa, sema kabla hujaweka kidole gumba.

Pesa iliyokufa imetunziwa alama yake. Sisi tungali hai.