Likizo ya bosi si likizo ya yaya

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu Kivu, yaya ni mkubwa wako, dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa. Tulipofika Kampala tukakuta kwa Kiswahili cha wengine yaya ni msichana anayelea mtoto wa watu. Neno ni moja, lakini heshima haiko moja. Dada zetu wengi wanaifanya kazi hiyo Muyenga, Ntinda, Bukoto na Kansanga, wanalala hukohuko, na ukiwauliza habari za likizo wanacheka.

Si kwamba hawapumziki kabisa. Ujanja uko hapa: bosi anakwenda kijijini Krismasi wiki mbili, anamwambia dada "na wewe pumzika," halafu mwisho wa mwezi anakata nusu ya mshahara, eti hukufanya kazi. Au anakwenda naye. Huko kijijini watoto wawili wanakuwa sita maana binamu wote wamekuja, dada anaosha, anapika, analala wa mwisho, na wakirudi mjini anaambiwa likizo yako umeshaila. Jamani, hiyo ilikuwa likizo ya nani?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa mshahara. Hata kama mlipatana kwa mdomo tu, huo ni mkataba. Akishatimiza miezi sita kazini ana haki ya siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka, na siku zenyewe zinapangwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Sikukuu za taifa zina malipo. Hakuna kumfanyisha kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kumpa saa 24 za kupumzika. Akiugua, na ameshafikisha mwezi mmoja kazini, mwezi wa kwanza wa ugonjwa analipwa mshahara kamili. Na ukimwambia "nikuongeze kidogo, likizo tuisahau," makubaliano hayo sheria haiyatambui. Kuhusu ukimbizi wake, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huohuo wa 2006 inamruhusu kufanya kazi. Kwa hiyo ile kauli ya "wewe ni mkimbizi, utanishtaki wapi" ni vitisho tu. Ofisa wa kazi yupo wilayani, na yupo kwa ajili ya wote.

Sasa tuwageukie ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Tunawapenda, tumekaa kwenye semina zenu, tumekunywa soda zenu. Mmetufundisha haki kwa chati na kalamu za rangi. Ninyi wenyewe mnajua likizo yenu imebaki siku ngapi, na mkikaa muda mrefu huko kambini mnapewa siku za kupumzisha akili. Hatuwaonei wivu, kazi yenu inachosha. Ila wakati mko kwenye semina ya ulinzi, nani kabaki na mtoto wako? Mara nyingi ni dada yetu. Na yeye akili yake inapumzishwa lini?

Jibu tunalipata kila mara lilelile: "Huyu ni kama mwanangu." Vizuri. Basi mwanao akitaka kwenda kumwona mama yake Nakivale, unamkata mshahara? Wengine husema anakula na kulala bure. Chakula na kitanda vinampa nguvu za kuamka saa kumi na moja alfajiri mtoto akilia. Siku ya kupumzika hazimpi. Na wa kwetu wasijifiche nyuma ya wafanyakazi wa mashirika, maana shangazi zetu wenyewe, wakimbizi kama sisi, wanachukua binti wa jirani wa kule nyumbani na kumlipa kwa nguo kuukuu. Huko hata neno likizo halijafika.

Hoja moja tu tunaiheshimu: mama anayefanya kazi, hana ndugu mjini, dada akiondoka wiki nzima mtoto atabaki na nani? Hilo ni swali la kweli. Lakini angalia, shule za Uganda zina mihula mitatu na likizo tatu, na sheria inatoa siku 7 mara tatu. Watoto wakubwa wakiwa nyumbani au wakienda kwa bibi, hapo pana nafasi, mkikubaliana mapema. Na kama lazima kutafuta mtu wa kushika zamu, tuseme kwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 21 ni shilingi 210,000. Ukiweka shilingi 17,500 kila mwezi, mwaka ukiisha zimetimia. Hata kikoba cha mtaani kinaziweza.

Kuna jambo ambalo bosi asiye mkimbizi halifikirii. Dada yetu ana siku zisizo za kazi wala za kupumzika: kuhuisha karatasi, kuitwa kwa mahojiano, kuhakikiwa kambini. Akikosa kuhakikiwa, jina linaweza kutoka kwenye orodha, na mgao wa familia nao. Siku hizo anazipangia foleni tangu alfajiri. Kuziita likizo ni kumwibia mara mbili. Tunataka ziandikwe peke yake, zilipwe, naye aonyeshe ujumbe au karatasi aliyoitiwa.

Tunachodai kinaenea ukurasa mmoja: siku yake ya wiki ni ipi, siku zake 21 zimegawanywaje, sikukuu akifanya kazi analipwaje, akiugua inakuwaje, na kwamba bosi akisafiri kwa mipango yake mwenyewe, mshahara unaendelea. Iandikwe kabla hajaanza kazi, kwa lugha anayoisoma, kila mmoja abaki na nakala.

Mfano wa karatasi hiyo tunauandika sasa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Madada, tungependa mje tukae pamoja Jumapili, lakini tunajua wengi wenu Jumapili hamna. Tumeni sauti kwa WhatsApp usiku mtoto akishalala, hata dakika moja, mkisema nini kisikosekane. Majina hatutayataja.