Si Bahari Iliyotutawala

Mwandishi aliyedai kwamba koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilizaliwa na "ujasiri wa safari ndefu ya bahari" angefika kwanza Mamboya, huko Usagara. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na tangu hapo meli za kutoka Ulaya hazikulazimika tena kuizunguka Afrika. Mjerumani Carl Peters na wenzake, waliokuja kutafuta koloni hilo, walipofika mwaka 1884, walisafiri kwa meli ya abiria, tena kwa majina ya bandia, wakashuka Unguja Novemba. Huo ndio ujasiri wenyewe?

Kazi ngumu ilianzia Sadani, pwani ya bara, na waliobeba mizigo hadi Usagara walikuwa wapagazi, ambao makala ya mwandishi huyo haikuwataja hata kwa nusu mstari.

Kisha ikaja karatasi. Tarehe 29 Novemba, Chifu Mangungo wa Msovero aliwekewa mkataba unaosema kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwapo kwake hakujui. Hapo hapo Usagara, Mamboya ilikuwa na kituo cha askari wa Sultani Barghash, kilichowekwa na Mathews, kamanda Mwingereza wa jeshi lake! Mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya wasomaji wa Berlin, na Februari 27, 1885, Kaizari wa Ujerumani akautia nguvu kwa hati ya ulinzi. Barghash alipopinga, Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake.

Meli ipo kwenye habari hii, nakubali. Ila iliyoamua ni ile yenye mizinga.