Bunduki Isiyofyatuka Haimhukumu Fundi

Mwandishi anayedai kwamba bunduki za kujitengenezea za Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya, ziligoma kwa sababu mafundi wake hawakujua kazi amekosea. Walifanya kazi kwa siri, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza Oktoba 1952, bila karakana kamili wala chuma kinachofaa. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kipigio kilikuwa komeo la mlango, na mahali pa springi palifungwa utepe wa tyubu ya gari. Mpira ukilegea, pini hugonga fataki kwa unyonge na risasi hailipuki. Risasi zenyewe zilipatikana kwa kuibwa, za saizi mbalimbali, zikalala katika unyevu wa msitu. Hata gobori jipya la kiwandani halilii baruti ikilowa au tundu la fataki likiziba.

Wakoloni hawakuidharau silaha mikononi mwa Mau Mau: Februari 1957 walimnyonga kiongozi wao Dedan Kimathi gerezani Kamiti, jirani na Ruiru, kwa kosa la kupatikana na bastola. Walimu wa Thika na Ruiru, wasimulieni wanafunzi habari za mafundi hao kwa heshima.