Chai ya Kericho yauzwa kwenye skrini Mombasa, mkulima haoni

Majani chai huchumwa Kericho na Bomet, lakini bei yake hupangwa hapa kwetu Mombasa. Tangu mnada ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, wanunuzi walikuwa wakiketi ukumbini na kutaja bei kwa mdomo, dalali akigonga nyundo. Wakati wa korona, mwaka 2020, mnada ukahamia mtandaoni. Sasa bei hutolewa kwenye skrini.

Jambo hilo lisingewezekana kwa vivinjari vya zamani, yaani zile programu za kufungulia kurasa za intaneti. Mosaic ya mwaka 1993 ilionyesha maandishi na picha, basi. Zikaja Netscape, Internet Explorer, Firefox, na mwaka 2008 Chrome. Kila moja ilibeba zaidi ya iliyotangulia, hadi kivinjari kikawa benki, ofisi na soko.

Lakini anayebeba mzigo huo ni simu. Opera Mini iliposambaa mwaka 2006, mnyonge alipata nafuu: ukurasa ulipitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ukapunguzwa, ukafika mwepesi hata kwenye kisimu cha vibonye. Bando dogo lilikwenda mbali. Chrome nayo ilikuwa na njia ya kubana data, ikaondolewa mwaka 2022. Mwishoni mwa 2023 ikaacha kutoa matoleo mapya kwa simu za Android 7. Simu kama hiyo bado inapiga na kupokea, ila kurasa mpya zinaanza kuikataa moja baada ya nyingine. (Wanaotengeneza kurasa hizo, bila shaka, wana simu nzuri.)

Basi soko limeingia kwenye kivinjari, na mwenye majani amebaki nje. Bonasi ikitangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huuliza kwa nini wenzao wa upande wa Mlima Kenya wamelipwa zaidi. Huambiwa ni bei ya mnadani. Mnada upi, nao hawauoni? Ripoti za soko zipo, lakini ni za dola na Kiingereza cha madalali.

Kama mfumo unajua kila shehena iliuzwa kwa bei gani, hauna sababu ya kushindwa kumtumia mkulima, kila baada ya mnada, ujumbe mfupi wenye mambo matatu: jina la kiwanda chake, kilo zilizouzwa, na bei ya kilo kwa shilingi. Kazi hiyo hata kabambe inaiweza.